Mazabodi Imekufa, Diski Ziko Hai: Uhamishe RAID kwa Njia Ipi?

Mei 2024, siku chache baada ya kimbunga Hidaya, mama mmoja mwenye studio ya video hapa Mtwara mjini aliniletea diski nne za terabaiti 4 zilizokuwa kwenye RAID, yaani diski kadhaa zilizounganishwa zifanye kazi kama moja. Alikuwa amezifunga kwenye khanga kama mtu aliyebeba mayai. Mazabodi, yaani bao kuu la kompyuta yake, ilikuwa imekufa. Nyingine ilitakiwa ije na basi kutoka Kariakoo, lakini barabara ya Dar es Salaam ilikuwa imekatika kule Somanga, na hakuna aliyejua gari litapita lini.

"Fundi, diski zenyewe nzima. Si unazichomeka tu kwenye mashine nyingine?"

"Ngoja kwanza, mama. Hii RAID ilitengenezwa na nini? Mazabodi yenyewe, kadi, au Windows?"

Hakujua, na wengi hawajui, kwa sababu siku ya kuunda RAID mtu hutazama nafasi na kasi tu, hafikirii siku ya kuhama. Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili ya mtu aliye katika hali kama yake, na kwa yule anayepanga kununua mashine mpya huku data zake ziko kwenye RAID ya zamani. Sisi wa Mtwara na Lindi tuko zaidi ya kilomita 450 kutoka kwenye maduka ya vipuri ya Dar. Njia inayomfaa fundi wa Kariakoo, ambaye akikosa kipuri anavuka mtaa tu, inaweza kututesa sisi wiki mbili.

Daftari liko wapi, na nani anajua kulisoma

Ukihifadhi video kwenye RAID 5 ya diski nne, video hiyo hukatwa vipande vidogo vya kilobaiti 64, au 128, au 512, kulingana na ilivyopangwa. Kila vipande vitatu huongezewa cha nne kiitwacho pariti, yaani hesabu inayowezesha data kurudi hata diski moja ikifa. Pariti haikai kwenye diski moja, inazunguka zote nne. Kwa hiyo ili kusoma faili hata moja, mashine lazima ijue diski ipi ni ya kwanza, kipande kina ukubwa gani, na pariti inazunguka kwa mtindo upi.

Maelezo hayo yameandikwa kwenye diski zenyewe, katika eneo dogo ambalo mimi naliita daftari. Watu wa korosho watanielewa haraka: magunia yote yapo ghalani, lakini bila daftari la mtunza ghala hujui gunia lipi ni la mkulima gani wala ni la daraja lipi. Kufa kwa mazabodi hakufuti daftari. Shida ni kwamba kila mtengenezaji ana mwandiko wake, na mazabodi mpya inaweza isijue kuusoma. Njia zote nitakazozilinganisha hapa zinatofautiana hasa kwa hilo: nani mwingine anaweza kusoma mwandiko huo.

RAID 1 inasamehe zaidi, maana kila diski ina nakala kamili, na mara nyingi hata diski moja ikichomekwa peke yake faili zinasomeka. RAID 0, inayogawa data kwenye diski zote bila nakala wala pariti, haisamehi chochote. Diski moja ikikosekana, vyote vimekwenda.

RAID ya mazabodi: ndiyo ya wengi, ndiyo inayoliza wengi

Hii ndiyo ile unayoiunda ndani ya BIOS, yaani programu ya mazabodi inayowaka kabla ya Windows, au kwa programu iliyokuja na mazabodi. Intel wana yao na AMD wana yao. Inaonekana kama kazi ya chuma, lakini ukweli ni kwamba kazi kubwa inafanywa na draiva ndani ya Windows, na mazabodi yenyewe inatoa mwanzo wa kuwaka tu. Uzuri wake ni kwamba hununui kitu cha ziada na inaanza kirahisi.

Ukihama kutoka mazabodi ya Intel kwenda nyingine ya Intel yenye uwezo huo wa RAID, na hasa kutoka ya zamani kwenda mpya zaidi, mara nyingi RAID inatokea yenyewe. Kabla ya kuchomeka diski hata moja, ingia BIOS uweke hali ya SATA, yaani matundu ya diski, kuwa RAID. Kwenye mazabodi nyingi mpya za Intel swichi hiyo imewekwa ndani ya menyu inayoitwa VMD, na fundi asiyejua ataapa kwamba mazabodi haina RAID. Ukiacha hali ya AHCI, ile ya kawaida isiyo ya RAID, Windows itaziona diski nne ngeni zisizo na maana.

Hapo ndipo hatari kubwa kuliko zote ilipo. Windows ikiona diski isiyoielewa, inafungua kidirisha na kuuliza kama uiandae. Mtu mwenye haraka anabonyeza kukubali. Windows inaandika jedwali la GPT, yaani orodha ya sehemu za diski, mwanzoni mwa diski, na nakala ya jedwali hilo mwishoni kabisa mwa diski, palepale Intel wanapoweka daftari lao. Niliwahi kuletewa diski kutoka Lindi zilizofanyiwa hivyo, zote tatu kwa mpigo. Magunia yalikuwepo, daftari limeandikwa juu. Kazi ya dakika ishirini ikawa kazi ya kubuni mpangilio upya kwa kujaribu, tena baada ya kunakili kila diski baiti kwa baiti, na kuna faili hazikurudi. Nakuomba sana: kidirisha hicho kikitokea, kifunge, zima mashine, kisha fikiri.

Ukitoka Intel kwenda AMD, au AMD kwenda Intel, futa kabisa wazo la kuchomeka na kuwasha. Mwandiko wa mmoja mwingine hausomi.

Lakini kuna mlango wa pembeni, na huo ndio uliomwokoa yule mama. Programu ya mdadm, ambayo ndiyo RAID ya Linux (mfumo endeshi wa bure, mbadala wa Windows), inasoma daftari la Intel. Nilizichomeka diski zake kwenye mashine ya dukani kwangu, nikawasha kwa flashi ya SystemRescue, Linux ya uokoaji, bila kugusa Windows, nikaandika `mdadm --examine /dev/sdb`. Kwenye skrini mstari wa kwanza ukasema `Magic : Intel Raid ISM Cfg Sig.` na chini yake: RAID Level 5, Members 4, Map State normal. Nilimwonyesha kwa kidole ule mstari wa mwisho. Alikaa kwenye stuli bila kusema kitu kwa muda.

Kama mashine unayotumia si ya Intel, mdadm inaweza kugoma kuiunganisha RAID hiyo mpaka utangulize `IMSM_NO_PLATFORM=1` kabla ya amri. Unganisha kwa kusoma tu, yaani kwa kuongeza `--readonly`, kisha nakili data kwenda diski nyingine. Kwa AMD mlango huu haupo. Mdadm inajua mwandiko wake yenyewe, wa Intel, na ule wa pamoja uitwao DDF ambao baadhi ya kadi hutumia, basi.

Kadi ya RAID: unahama nayo

Ofisi zenye seva halisi mara nyingi zina kadi, kwa mfano za ukoo wa MegaRAID. Hapa mambo ni tofauti kabisa, kwa sababu mazabodi haihusiki na mpangilio. Unachomoa kadi na diski, unazipeleka kwenye mazabodi mpya yenye nafasi ya PCIe, yaani tundu la kadi, ya kutosha, unawasha, na kadi inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa mtu anayebadilisha mazabodi tu, hakuna njia laini kuliko hii.

Kadi yenyewe ikifa ndipo unapoona bei yake. Unatafuta nyingine ya ukoo uleule, nzima, na huku kwetu maana yake ni kuagiza Dar au nje ya nchi. Ukiipata, itaziona diski zako kama mpangilio wa kigeni na kukupa chaguo mbili: kuingiza au kufuta. Unachagua kuingiza. Maneno hayo mawili yako jirani kwenye menyu moja, kwa hiyo soma polepole, mara mbili, kabla ya kubonyeza.

Kadi ina jambo moja ninaloliheshimu. Nyingi zina kumbukumbu ya muda inayolindwa na betri, hivyo umeme ukikatika katikati ya kuandika, kilichokuwa njiani hakipotei. RAID 5 isiyo na ulinzi huo ina udhaifu: umeme ukikatika kati ya kuandika data na kuandika pariti yake, hivyo viwili havilingani tena, na hutajua mpaka siku diski moja ife. Anayeishi kwenye umeme wa kukatikakatika alitilie maanani hili hata kama hahami. Na anayehama kadi yenye betri aizime mashine kwa utaratibu wake, asing'oe waya, ili kadi imalize kuandika kilichobaki.

RAID ya Linux, na ndugu yake ZFS

Hapa msomaji wa daftari ni programu ya bure, inayopatikana kwenye kila Linux. Mazabodi mpya inaweza kuwa Intel, AMD, kompyuta ya ofisi iliyotumika, yoyote yenye matundu ya SATA ya kutosha. Diski unaweza kuzichomeka kwa mpangilio wowote, maana kila moja imebeba nambari ya utambulisho wa RAID yake na nafasi yake ndani ya kundi. Unawasha, unaandika `mdadm --assemble --scan`, kisha unatazama `/proc/mdstat`. Ukiona `[UUUU]`, diski zote nne zimeitika. Ukiona `[UU_U]`, moja haijaonekana, na tisa kati ya kumi nilizowahi kukutana nazo zilikuwa kebo ya SATA isiyokaa vizuri au pini zilizoshika kutu ya hewa ya bahari.

Mara nyingi RAID itajitokeza kwa jina la `md127` badala ya `md0` uliyoizoea. Usishtuke. Maana yake ni kwamba mfumo haujaandikiwa kuitambua kama yake. Unaongeza mstari wake kwenye `mdadm.conf`, unahuisha faili la kuwashia, na mambo yanatulia.

Hatari kwa mdadm inatoka kwenye mikono ya fundi. Amri ya `--create` si ya kuhamisha, ni ya kuunda upya, na inaandika daftari jipya juu ya la zamani. Nimeshuhudia watu wakiitumia kwa sababu `--assemble` imekataa. Ikikataa, ina sababu. Tazama `--examine` ya kila diski, linganisha idadi ya matukio iliyoandikwa kama `Events`. Diski ambayo namba yake imebaki nyuma sana ndiyo iliyojitoa mapema, na hiyo usiilazimishe kurudi kabla ya zingine kusomeka.

Kuna na jambo la kiufundi ambalo wengi hulipuuza: unda RAID juu ya sehemu iliyogawanywa ya diski, usiiunde juu ya diski nzima tupu. Zipo mazabodi ambazo BIOS yake ikiona diski isiyo na jedwali la sehemu hulirekebisha yenyewe, na kwa kurekebisha huko inafuta daftari la mdadm. Diski yenye jedwali lake haiguswi.

ZFS, mfumo wa faili wenye RAID yake ndani, inafika mbali zaidi. Kabla ya kuhama unaandika `zpool export` na jina la hifadhi, unahamisha diski, kisha upande wa pili `zpool import`. Kama mazabodi ilikufa kabla hujaaga, `zpool import -f` inatosha. ZFS haina ule udhaifu wa umeme nilioueleza, na inakagua kila kipande isomapo, kwa hiyo inajua diski ikidanganya. Inahitaji RAM ya kutosha, na kuipanua kidogokidogo si rahisi kama mdadm. Kwa studio au ofisi inayoanza upya yenye mashine ya kisasa kiasi, naipenda. Kwa kompyuta ya zamani yenye gigabaiti 4 za RAM, baki na mdadm.

Windows yenyewe

Storage Spaces, yaani RAID ya Windows yenyewe, nayo daftari lake liko kwenye diski na haijali mazabodi. Ukizipeleka diski kwenye Windows nyingine ya toleo lilelile au jipya zaidi, hifadhi inaonekana, ingawa huenda ikaja ikiwa ya kusoma tu mpaka uiruhusu kuandika. Kurudi nyuma kwenye Windows ya zamani baada ya kuihuisha hifadhi hakuwezekani. Zile za zamani zaidi, za diski nyumbufu (dynamic disk), hufunguliwa kwenye Disk Management kwa kuchagua kuingiza diski za kigeni. Kama umetumia BitLocker, kufuli la siri la diski za Windows, uwe na ule ufunguo wa tarakimu 48 mkononi kabla ya kubadilisha mazabodi, maana mazabodi mpya haina siri iliyokuwa imetunzwa kwenye ile ya zamani.

Au nakili kila kitu, uanze upya

Wengi hawaihesabu hii kama njia. Mimi naiona kama kipimo cha njia zote, kwa sababu ukiwa na nakala kamili, kosa lolote huko juu ni usumbufu tu. RAID haikulindi na kidole kilichobonyeza vibaya, wala na mwizi, wala na radi.

Ugumu wake ni muda na nafasi. Yule mama alikuwa na kama terabaiti 7 za harusi, maulidi na kumbukumbu za misiba. Tulipata diski mbili za nje za terabaiti 4, moja yangu, nyingine ya kuazima. Kwa USB 3 zilikwenda kama megabaiti 100 kwa sekunde, saa 19 na ushee. Kwa tundu la zamani la USB 2 kazi hiyohiyo ingemaliza zaidi ya siku mbili, kwa hiyo tazama tundu kabla ya kuanza. Wingu nalo lisihesabiwe kwa mzigo kama huo. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo nyaya za mawasiliano chini ya bahari zilipata hitilafu na intaneti ikawa ya kusuasua nchi nzima. Aliyekuwa na bakapu yake mtandaoni tu alikaa akisubiri.

Mimi ningechagua nini

Kama mazabodi yako bado hai na unataka tu kubadilisha, nakili kwanza ingali inafanya kazi, hata iwe RAID ya aina gani. Ukiwa na RAID ya AMD hili halina mjadala. Ukisubiri mazabodi ife, umebakiwa na njia nyembamba, hasa kutafuta nyingine ya AMD inayoelewa mwandiko uleule.

Kama mazabodi ya Intel imeshakufa, usikimbilie kununua inayofanana nayo. Soma kwanza diski kwa Linux, kwa kusoma tu, utoe data, kisha nunua mazabodi yoyote inayokufaa. Fedha ya kutafuta ya zamani yenye bei ya adimu inunue diski za bakapu.

Kama una kadi na ni nzima, hama nayo, na anza kuweka akiba ya kadi ya pili. Ofisi inayoandika stakabadhi za mazao usiku na mchana msimu wa mnada, huku umeme ukiyumba, ina sababu nzuri ya kubaki na kadi yenye betri. Studio ya mtu mmoja haina.

Na kama unaanza leo, nasema bila kusita: Linux, mdadm au ZFS, kwenye mashine ya pembeni inayotoa faili kwa mtandao wa ndani. Unayoipoteza ni kasi kidogo, maana kebo ya gigabiti moja inapitisha kama megabaiti 110 kwa sekunde, na mhariri wa video nzito ataihisi. Unachokipata ni kwamba kompyuta yoyote iliyotumika, ikiwa na matundu manne ya SATA, inaweza kuwa kipuri chako. Kwa aliye Masasi au Nachingwea hiyo si faida ndogo.

Kwa njia yoyote utakayoshika, kabla ya kung'oa skrubu ya kwanza chukua peni na gundi ya karatasi. Bandika kila diski namba ya tundu ilikotoka, 0, 1, 2, 3, na uandike tarakimu za mwisho za namba yake ya utengenezaji. Piga picha ya ukurasa wa RAID kwenye BIOS kama bado unafunguka. Angalia afya ya kila diski kwa `smartctl -a`. Ukiona sekta zinazosubiri, zile za mstari wa 197, zinaongezeka, diski hiyo inakiliwe kwa ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, kabla ya jambo lingine. Halafu chomeka zote kwa pamoja mashine ikiwa imezimwa, ili RAID isije ikawaka na diski pungufu na kuanza kujijenga upya bila ruhusa yako.

Basi la kwanza kutoka Dar lilipopita, mazabodi ya yule mama ikafika. Aliiweka kwenye mashine ya kuhariria. Diski nne tulizihamishia kwenye kompyuta ya zamani tuliyoiwekea Linux, tukaunda RAID 5 mpya, tukarudisha data, na zile diski mbili za nje akaondoka nazo nyumbani baada ya kunilipa yangu na kumlipa tuliyemwazima. Ndani ya kava la ile kompyuta nilibandika karatasi yenye matokeo ya `mdadm --detail --scan`, mstari mmoja tu wenye UUID, yaani nambari ya utambulisho, ya RAID yake, kwa wino usiofutika na jasho.